Yule wa Garissa

Jumatatu, 15 Septemba 2025

Amevua viatu!

Naanza na hilo kwa sababu hilo ndilo kubwa. Asubuhi nimemaliza kuswali, nikachungulia chumbani, Fardowsa wangu amelala kwa ubavu, miguu imetoka nje ya blanketi, haina kitu. Viatu viko chini, vimepangwa. Leo ni miezi mitatu na siku nane tangu arudi, na siku zote hizo amelala na raba zake miguuni, kamba zimekazwa, mgongo ukutani, kama mtu anayengoja kufukuzwa. Leo amevua. Alhamdulillahi. Nilisimama mlangoni mpaka Fathia, mdogo wake, akaja nyuma yangu. "Hooyo, unaangalia nini?" Nikamwambia naangalia miguu. Akanitazama kama mimi ndiye mgonjwa.

Hiki kitabu nimepewa na Madam Atabo, yule mama Mturkana wa kituo cha vijana. Yeye huongea na Fardowsa kila Alhamisi, na sisi wazazi Ijumaa asubuhi. Juzi tulikaa kwa duara, kila mzazi anaeleza yanayomsumbua. Zamu yangu nikasema mtoto wangu alikuwa namba tatu darasani, na kwamba hapa Isiolo hakuna anayejua maziwa ya ngamia kunishinda. Atabo akacheka, akanivuta kando. "Mama Fardowsa, wewe ukiongea unajificha. Jaribu kuandika. Hakuna atakayesoma."

Mimi najificha! Lakini nimechukua kitabu. Niliishia darasa la saba, na mwandiko wangu mwalimu alikuwa anaupitisha kwa madawati ili wengine waige. Huo ni ukweli, si majivuno.

Na ya maziwa ni ukweli pia. Madumu yanafika asubuhi kutoka Kipsing na Gotu, yamefungwa kwa boda, na sisi wamama wa mtaa wa Wabera tunapokea. Mimi sihitaji kipimo. Nafungua kifuniko, naingiza pua, basi. Najua kama kuna maji ndani. Najua dumu lilifukizwa kwa moshi wa kuni gani, na mara nyingi najua limetoka mji wa nani. Wamama wakibishana wanauliza, "Nani atatuamulia?" Nasema, "Ni mimi!" Wananicheka nayo soko zima. Wakiniona tu: Ni-mimi amekuja. Wacha wacheke. Kesho wataniita tena.

Mkono umechoka. Amevua viatu.


Jumatano, 17 Septemba

Ahmednasir wa duka la simu amenisimamisha barabarani. "Mama Fardowsa, huyu msichana ulikuwa umemficha wapi?" Anasema kuna simu iliyoanguka kwa ndoo ya maziwa, mafundi wawili walikuwa wameshaikataa. Fardowsa akaifungua, akaisugua na mswaki, akaianika, ikawaka! Ana wiki ya sita tu pale akijifunza kazi. Mashallah. Vidole vya babake hivyo — na akili ya mamake, tusisahau.

Nikaenda moja kwa moja kwa meza ya Mumina kumwambia. Mumina ni jirani yangu, Mborana, meza zetu za maziwa ziko ubavu kwa ubavu miaka kumi na moja. Akasikiliza vizuri, akapiga vigelegele, halafu akauliza, "Kwani huko Garissa wanafundisha simu shuleni?"

Nikasema ndiyo. Hata sikumeza mate.

Niandike hili mara moja, kwa sababu hakuna atakayesoma. Garissa hakuna. Fardowsa alipotoka nyumbani mwezi wa tano wa 2023, mtu wa kwanza aliponiuliza nikasema amekwenda kwa dada yangu Garissa, anasoma bodingi. Neno moja tu, nipite salama. Kesho yake akauliza mwingine. Nikaongeza sketi ya kijani. Halafu nikaongeza mwalimu mkuu mkali. Halafu akawa nahodha wa mdahalo. Mwaka wa pili nilikuwa nimemjenga msichana mzima, mnene kidogo, ana adabu, anapiga simu kila Jumapili.

Na wakati huo wangu alikuwa nyuma ya maghala ya steji ya matatu, nusu saa kwa miguu kutoka kitanda chake. Halafu Nanyuki. Halafu tena hapa. Anavuta gundi ili asisikie njaa. Mimi naongeza mdahalo.


Ijumaa, 19 Septemba

Kikao cha wazazi. Leo sikusema namba tatu. Nilisema kidogo, kwa hivyo naandika hapa iliyobaki.

Abdighani, baba yao, alikuwa dereva wa lori la mifugo. Lori lilipinduka barabara ya Moyale, Novemba 2022. Nyumba ilijaa watu. Kila mtu analia, Fardowsa halii. Alikuwa na miaka kumi na minne. Anaosha vikombe, anapanga viatu vya wageni mlangoni, uso mkavu. Na mimi — mimi niliwaambia wageni, "Mnamuona huyu? Huyu ana moyo wa simba. Hajatoa chozi hata moja!" Nilimsifu. Mbele yake. Sasa angelia vipi?

Baada ya hapo akaanza kulala. Darasani analala, nyumbani analala. Akaacha kuoga. Akaacha kula na sisi. Shule wakamrudisha nyumbani na barua. Nikamleta sheikh akamsomea siku tatu. Shangazi yake akasema hana jini, ana uvivu. Nikaona afadhali uvivu, uvivu una dawa. Nikamvuta kitandani kwa mguu. Nikamwambia, "Unaniaibisha. Mtoto wa Habsa hawezi kuwa hivi."

Siku ya pili akavaa yunifomu, akabeba mkoba. Nikafurahi! Nikasema amepona. Nikamwangalia mpaka kona.

Madam Atabo anasema huzuni inaweza kuwa ugonjwa kabisa, kama malaria, mtu anaanguka nayo na si kupenda kwake. Sasa ana vidonge vya hospitali, anakunywa mwenyewe, hasahau hata siku moja, na gundi hajaigusa tangu Juni. Namshukuru Mungu kwa hospitali. Namshukuru kwa Atabo, aliyekuwa anakwenda pale maghalani na chai kwa chupa, wiki baada ya wiki, hasemi rudini nyumbani, anasema tu, "Sukari inatosha?" Fardowsa ndiye aliniambia. Ati ni hilo swali lilimfanya aanze kumfuata. Miaka miwili hakuna mtu alikuwa amemuuliza anapenda sukari ngapi.

Ni tatu. Mimi ningejibu hata usingizini. Ni tatu.


Jumapili, 21 Septemba

Nimetoa godoro juani, chini yake nimekuta vipande sita vya mkate, vimekauka kama mbao. Nimeviacha vinne, nimeweka viwili vipya. Jioni amenitazama, nimetazama sufuria. Akacheka! Kidogo, kwa pua, lakini nimesikia.

Kitu kimoja tu bado. Sisi Wasomali mama anaitwa hooyo, na mama naye humwita mtoto hooyo. Neno moja, linakwenda na kurudi. Tangu arudi mimi natuma, halirudi. Ananiita mathe, kama vijana wa boda. Sawa. Mathe pia ni mama. Nashukuru.


Alhamisi, 25 Septemba

Sijui niandike nini kwanza.

Tulikuwa nyuma ya nyumba, mimi na yeye, tunafukiza madumu. Kazi hiyo anaiweza tangu utotoni: unawasha kijiti, unakizima, unaingiza moshi ndani, unafunika, unatikisa. Halafu akasema, "Mathe, kuna kitu."

Tarehe kumi mwezi ujao ni siku ya afya ya akili. Kituo kinafanya mkutano ukumbini, watakuja machifu, walimu, watu wa msikiti na wa kanisa, mtu yeyote. Madam Atabo anatafuta kijana mmoja wa kueleza maisha ya nje. Fardowsa amesema atakuwa yeye.

Nikasema mashallah! Mtoto wangu kwa maiki! Nani alimfundisha kuongea kama si — halafu nikasikia vizuri alichosema. Maisha ya nje.

"Utasema jina lako?"

"Nitasema lote. Fardowsa Abdighani wa Wabera. Nitasema nililala steji."

"Na Garissa?"

Akaweka dumu chini. "Garissa sijawahi kufika, mathe. Hata sijui mto uko upande gani. Juzi mtu ameniuliza kama mamba bado wanakula mbuzi, nikasema ndiyo, halafu nikaenda choo ya Ahmednasir nikatapika."

Sikuwa najua. Wallahi sikuwa najua anatapika.

Akaendelea polepole, vile amefundishwa na Atabo, anavuta pumzi katikati ya maneno. Ati hapa nyumbani anahisi kuna msichana mwingine. Yule wa Garissa. Ana sketi ya kijani, tunampenda sana, majirani wanamsalimia, na yeye amekuja kulala kwa kitanda chake na kuvaa jina lake. "Na yule hawezi kuumwa, mathe. Yule hakosei. Mimi nikianza kuanguka tena nitamwambia nani, na mimi ni yule?"

Nikamwambia tungoje mwaka mmoja. Watu wasahau. Halafu ataongea.

"Kama unamtaka yeye, sawa," akasema. "Kituoni kuna kitanda. Nitakaa huko. Si hasira, mathe."

Hakuwa na hasira kweli. Hiyo ndiyo imeniogopesha. Aliinua dumu, akaendelea kutikisa.


Jumamosi, 27 Septemba

Nimekwenda kwa Atabo kumkanya. Nikavaa dirac yangu nzuri ya Idi ili aone anaongea na nani. Nikamwambia wewe una mshahara, mimi nina jina. Jina langu lenyewe ni lake! Soko lote naitwa Mama Fardowsa. Akisimama pale na kusema alikuwa chokora, mimi nitakuwa mama wa nani?

Atabo akanipa chai. Akasema, "Utakuwa mama wa yuleyule."

Baadaye akasema hawezi kumkataza, hawezi kumlazimisha, na hawezi kuniambia mimi nifanye nini. "Lakini mama, wapo watoto ambao wakisharudi wanatoka tena, na mara ya pili hawatafuti steji ya karibu."

Chai ilikuwa na sukari nyingi. Nimeinywa yote.


Jumanne, 30 Septemba

Leo nilitaka kufanya jema. Naandika ili ijulikane nilitaka.

Baada ya alasiri Fardowsa alikuja mezani kwangu na msichana mmoja, Kagendo, Mmeru wa upande wa Maua, miaka kumi na tano, ana miezi sita tu hapa Isiolo, bado analala kule maghalani. Koti la mtu mzima, chupa ya gundi ndani ya mkono wa koti, anadhani hatuioni. Fardowsa akasema, "Huyu ni Kage. Alinitunzia blanketi." Basi. Kama mtu anayesema huyu ni dada yangu.

Wamama walikuwa wanaangalia. Nikasema moyoni, Habsa, leo waonyeshe. Nikamvutia ndoo akakalia, nikajaza kikombe cha susa, maziwa ya ngamia yaliyoganda, yangu mwenyewe, nzito, kali kidogo, inayokatika vizuri. Nikamwambia kwa sauti, "Kunywa hooyo, kunywa."

Kagendo akashtuka. "Hooyo ni nini?"

Mumina akamwambia ni mama.

"Mimi si mama yako!" akaniambia. "Mimi sina mtoto! Nani amekuambia niko na mtoto?"

Meza yote ilikufa kwa kicheko. Mumina alishika mbavu. Na Kagendo naye alipoelezwa akacheka, akanywa, akapata masharubu meupe, akasema susa yetu ina ladha kama sigara. Nilikuwa nafurahi! Nilikuwa namgeukia Fardowsa nimwambie umeona mamako —

Alikuwa amesimama, mgongo kwenye nguzo. Midomo haina rangi. Nikamshika, akaruka kama nimemchoma.

"Siku ile pia ulisema hooyo," akasema.

Nikamuuliza siku gani. Kagendo akaweka kikombe chini, akamchukua mkono, akamwambia, "Fado, hesabu nguzo. Hesabu na mimi. Moja." Na Fardowsa akahesabu nguzo za soko mpaka kumi na tisa. Mtoto wa koti alijua la kufanya. Mimi nilikuwa nimeshika mwiko.


Jumatano, 1 Oktoba

Ameniambia. Tumekaa jikoni, mlango wazi vile anavyopenda.

Ilikuwa Novemba ya 2023, mvua. Alikuwa ameshindwa. Akili ilikuwa imekuwa nzito, anasema, kama nguo iliyolowa. Akajiambia nitapita mezani kwa mathe. Sitasema kitu. Akiniona, narudi.

Alijifunika gunia kwa sababu ya mvua. Akaja na wengine watatu. Mimi nilikuwa nampa susa mtoto wa mteja. Nasema, "Kunywa hooyo, kunywa."

"Nilidhani unaniambia mimi," akasema. "Nikasogea."

Nikageuka. Nikachukua beseni la maji ya kusuuzia madumu. Nikammwagia.

"Toka hapa, chokora! Unanuka!"

Hayo ndiyo maneno. Amenipa yote, hakupunguza, hakuongeza.

Nimejaribu kukumbuka. Sikumbuki. Nimewamwagia wengi, hiyo ndiyo shida. Sikumbuki uso wake kwa sababu sikuutazama.

Pua yangu. Natambua maziwa ya Kipsing na ya Gotu, natambua moshi wa mji huu na wa mji ule. Niliyemzaa alisimama hatua mbili kutoka kwangu, nikamnusa, nikasema ananuka.

Fardowsa akasema, "Sikukuambia ili ulie, mathe. Nilikuambia kwa sababu imekaa ndani."

Akanitengenezea chai. Yeye, kwangu mimi.


Jumamosi, 4 Oktoba

Amekwenda kituoni. Amechukua nguo mbili, vidonge, na bisibisi zake za simu. Amembusu Fathia. Si hasira, amesema tena.

Chini ya godoro ameacha mkate.


Jumatatu, 6 Oktoba

Nimekwenda kumwona. Nilikaa na aibu siku mbili, nikaona aibu haijazi tumbo la mtu, nikachukua susa nikaenda.

Chumba chao ni safi. Vitanda vinne, dirisha linaangalia ua. Fardowsa amemleta Kagendo, amempa kitanda cha ukutani, kile kizuri, na yeye amechukua cha mlangoni. Huyo ni mtoto wangu! Atabo anasema vijana wote wakiwa na shida wanamuita Fardowsa kwanza, halafu wao wakubwa. Nilitaka kumwambia imetoka kwa nani. Nikauma ulimi. Sina uhakika tena imetoka kwa nani.

Alikuwa amejilaza juu ya blanketi baada ya chakula cha mchana. Miguu yake nikaiona mbele ya uso. Raba. Kamba zimekazwa.

Nilikuwa nimepanga maneno mengi ya kuomba msamaha. Nimeyapanga njia nzima, mazuri sana. Nikafungua mdomo, nikasema, "Nimekuletea susa."

Akafungua, akanusa. Akanusa tena. "Hii si yako. Hii ni ya Mumina."

Na ni kweli! Yangu ilikuwa imekwisha, nilichukua kwa Mumina nikamimina kwa chupa yangu ili ajue imetoka nyumbani. Hakuna mtu mwingine Isiolo hii angejua! Nikapiga kelele, "Pua yangu hiyo!" Tukacheka wote wawili mpaka Kagendo akaamka akauliza nani amekufa. Ee Mungu, nakushukuru. Hata kama hutanipa kingine, nimecheka na mtoto wangu, kitandani kwake, mchana, tumeshikana mikono.

Nikamwomba msamaha hapo hapo, bila maneno niliyopanga. Nikasema nilikumwagia maji, nisamehe. Akanitazama sana. Akasema, "Nimesikia." Hakusema nimesamehe. Amesema nimesikia, na hakuondoa mkono.

Wakati wa kuondoka akanisindikiza mpaka geti. "Ijumaa si lazima uje. Ya maji nitaisema, ndiyo nzito kuliko zote. Lakini sitakutaja. Nitasema mama mmoja wa maziwa."

Nikamwambia asante. Nikafika nyumbani nikajiuliza nimemshukuru kwa nini.


Ijumaa, 10 Oktoba

Naandika nikiwa ndani ya ukumbi. Nimeleta kitabu kwa kikapu kwa sababu mikono haitulii. Tumetoka swala ya Ijumaa, watu bado wanaingia. Wamejaa! Mumina alitangaza kwa wamama wa maziwa kwamba kutakuwa na soda, basi benchi letu lote wamekuja, tisa, tumebanana. Mimi niko mwisho, upande wa njia. Fathia yuko mapajani kwa Mumina.

Fardowsa yuko mbele. Hijabu ya bluu, amepiga pasi mwenyewe. Kagendo amekaa karibu yake, koti limefuliwa. Uzuri wao! Nimeshamwambia mzee mmoja hapa mbele yangu kwamba yule wa bluu ni wangu.

Mwalimu mmoja anaongea. Anaongea sana.

Sasa ni yeye. Ameshika maiki kwa mikono miwili. Mungu wangu mshike.

"Naitwa Fardowsa Abdighani, wa hapa Wabera. Nililala steji na Nanyuki miaka miwili." Sauti haitetemeki. Mumina amenishika goti. Ananong'ona, "Mama Fardowsa. Si Garissa?" Nimemwambia. Nimemwambia, "Hakuna Garissa." Amenitazama. Goti hajaachilia.

Anaeleza kuhusu babake. Kwamba watu walimsifu kwa kutolia. Kwamba alipokuwa nje kulala usingizi ilikuwa kazi, mnapeana zamu, mmoja anakaa macho. Kwamba gundi haikuwa raha, ilikuwa blanketi. Kwamba kitu kibaya zaidi si njaa, ni watu kukuangalia kama nguzo ya stima.

Ameifikia.

"Kulikuwa na mama mmoja wa maziwa." Mvua. Gunia. Ametaja hooyo. Hajatazama upande huu hata mara moja, anatazama ukuta wa nyuma. Ametaja beseni. Ametaja neno lile. Kagendo amesimama karibu yake.

Watu wanaguna. Mwanamume mmoja nyuma anasema kwa nguvu, "Mama gani huyo! Atajwe!" Mwingine: "Hana mtoto huyo!" Fardowsa anasema hapana, hatamtaja, hakuja kushtaki mtu. Wanazidi. "Wako hapa wamama wa maziwa! Si ni hao?" Wanageuka. Ukumbi mzima unatazama benchi letu.

Wamama wanajitetea. Wa kwanza kule ukutani amesema, "Wallahi si mimi." Wa pili: "Mimi? Si mimi." Inakuja kwa benchi, mdomo kwa mdomo. Si mimi. Si mimi. Kila mmoja akishasema anamtazama wa pili yake. Mumina amesema, "Si mimi," halafu ameinama kwa sikio langu. Analia huyu Mborana. "Usijitaje, dada. Sema na wewe si mimi. Hakuna anayejua."

Wananingoja. Ni-mimi wa soko, wanangoja mimi.

Fardowsa sasa ananitazama. Anatikisa kichwa kidogo sana. Ananiambia nisiseme. Ananificha. Mtoto wangu ananificha mbele ya watu wote hawa —

Nimeinua mkono. Naandika na huu mwingine, mwandiko umeharibika. Wa maiki amenionyesha kidole, anapita kwa njia, anaruka miguu ya watu. Madam Atabo anasema mama tafadhali, maswali ni baadaye.

Si swali.